Nilimtukana Dereva, Kumbe Gavana Ndiye Alikuwa Amelala

Wasee, hii post nimeiandika na kuifuta mara tatu. Si rahisi kurudi mbele ya watu wale wale uliowapigia kelele juzi uwaambie, pole, nilikosea. Lakini kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliniamini na akapoteza kitu juu yangu. Kwa hivyo leo sinyamazi.

Mnakumbuka ile video ya kulinganisha Windows na Linux kwa lapi moja? Ile nilianza nikiwa nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba? Ndiyo hiyo. Nilichukua lapi yangu, nikaweka gemu ile ile pande zote mbili, SuperTuxKart, ile ya kukimbizana na vigari. Upande wa Windows ilikuwa inaenda fremu 50 na kitu kwa sekunde. Upande wa Linux ilijikokota kwenye 20 na kitu, mara inashtuka, mara inakwama kwenye kona. Nikaangalia kamera nikasema na ile sauti yangu ya ubishi: "Hii ndiyo maana vitu vya bure huwa vya bure." Nikasema wanaotengeneza madereva huria ya grafiki hawajui kazi, na mtu yeyote anayekwambia uweke Linux kwa mashine ya kuchora au kucheza anakupoteza.

Video ikaenda. Ikapata watazamaji wengi kuliko video zangu kumi za nyuma zikiwekwa pamoja. Wiki hiyo nilitembea Umoja kama mtu amelipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima.

Shida ni moja tu. Dereva hakuwa na makosa.

Wacha niende polepole, juu najua wengine wenu mkisikia dereva mnafikiria yule wa matatu anayepita juu ya pevumenti saa kumi na mbili jioni. Dereva wa grafiki ni programu. Inakaa katikati ya gemu yako na chipu inayochora picha, yaani GPU. Gemu haijui lugha ya chipu, na chipu haijui lugha ya gemu. Dereva anajua zote mbili.

Kwa Linux, madereva mengi huria ya grafiki yanaishi ndani ya mradi mmoja unaoitwa Mesa. Ulianzishwa na Brian Paul mwaka 1993, kabla mimi na wengi wenu hatujazaliwa. Leo wanaouchangia wamo waajiriwa wa AMD, Intel, Valve na Red Hat, na pia watu wa kujitolea wanaokaa usiku kurekebisha kosa ambalo hakuna mtu atawalipa. Msimbo wote uko wazi, mtu yeyote anaweza kuusoma. Hao ndio niliwaita wavivu, mimi ambaye sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa dereva.

Sasa, sikuwa nimetoa maneno hewani tu. Nilikuwa na ushahidi, ama nilifikiri niko nao. Mesa ina kitu kinaitwa GALLIUM_HUD. Unakiandika kabla ya jina la gemu, na inakuonyesha juu ya skrini fremu ngapi zinachorwa, CPU inatumika asilimia ngapi, GPU inatumika asilimia ngapi. Yangu ilisema GPU iko kama asilimia 40. CPU iko chini ya 20. Nikasema aha! Mashine imekaa tu, haina kazi, na gemu bado inaburuta miguu. Kama chipu zote mbili zinapumzika, anayechelewesha si ni huyu wa katikati? Hesabu ilionekana safi kabisa. Niliichora hadi na mishale nyekundu kwenye video.

Siku nne baadaye nikapata meseji kutoka kwa mtu ambaye nilikuwa nimemkwepa karibu miaka miwili. Tulianza naye chuo siku moja, kozi moja, tukikaa dawati la tatu kutoka nyuma. Yeye aliendelea. Mimi karo ilikataa mwaka wa pili, semista ya kwanza, nikaenda nyumbani "wiki moja" na sikurudi. Tangu hapo nikimuona mtandaoni nilikuwa napita haraka, juu sikutaka ile swali ya "utarudi lini?"

Hakuuliza hiyo. Aliandika: "Aki wewe, kabla ya kuwachoma hao watu, uliangalia CPU yako ilikuwa inakimbia kwa kasi gani? Gavana alikuwa gani?"

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia hii ni tarakilishi, si uchaguzi. Akanitumia emoji ya kucheka na mstari mmoja wa amri:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor

Nikaiandika nikiwa nimejaa hasira. Jibu likaja neno moja: powersave.

Nilikaa pale kitandani nikitazama hilo neno. Manze, hata jasho lilinitoka.

Kwa sababu nilijua nani aliliweka. Ni mimi. Wakati wa ile mvua ndefu, stima ilikuwa inapotea kwetu karibu kila jioni, na betri ya lapi yangu ni ya mtumba, haikuwa inafika saa mbili. Nilikuwa nahitaji tu kuandika skripti za video gizani, kazi ambayo haihitaji nguvu yoyote. Nikaandika kijiprogramu cha mistari miwili kinachowaka na lapi kila asubuhi na kuweka CPU kwenye kasi ya chini kabisa. Betri ikaanza kuvumilia. Nikafurahi. Mvua ikaisha, stima ikatulia, na mimi nikasahau kabisa kwamba hicho kitu kipo. Kilikuwa kinaendelea na kazi yake kimya kimya, hata lapi ikiwa kwa chaja.

Sasa hii gavana ni nini? Sitanii, hilo ndilo jina lake rasmi ndani ya kerneli ya Linux. Kenya tuna magavana 47, kerneli iko na kama sita hivi wa kawaida, na kazi yao ni kuamua CPU ipewe kasi gani kila wakati. Huyu wa performance anataka kasi ya juu saa zote. Huyu wa powersave anataka ya chini saa zote. Ondemand anaangalia kazi ikiongezeka ndiyo anapandisha. Conservative anafanya vivyo hivyo lakini ngazi kwa ngazi, kama mzee anayepanda ghorofa ya tano bila lifti. Userspace anakuachia wewe uamue. Na schedutil, aliyeingia kwenye kerneli 4.7 mwaka 2016, anasikiliza yule anayepanga foleni ya kazi ndani ya kerneli na kukisia nguvu inayohitajika.

Lapi yangu ina AMD Ryzen 5 2500U. Ni prosesa ya mwaka 2017, kore 4, nyuzi 8, na ndani yake kuna GPU inayoitwa Vega 8. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.0, na kazi ikizidi inaweza kuruka hadi 3.6. Chini ya powersave, yangu ilikuwa imefungiwa 1.6. Upande wa Windows hakuna mtu aliyekuwa amegusa kitu, kwa hivyo CPU ilikuwa huru kupanda ikitaka. Yaani mimi nilichukua wakimbiaji wawili, mmoja nikamfunga gunia la mahindi mgongoni, halafu nikaita watu waje waone venye mtindo wake wa kukimbia ni mbaya.

Lakini subiri. Swali zuri hapa ni: kasi ya CPU inahusiana vipi na grafiki? Si grafiki ni kazi ya GPU? Hilo ndilo lilikuwa shimo langu, na nadhani wengi wetu tuko ndani.

Fikiria kibanda cha chapo. Kuna mtu anakata madonge na kusukuma. Kuna kikaango kwa moto. CPU ndiye anayesukuma, GPU ni kikaango. Chapati haiwezi kuiva kama haijasukumwa. Sasa dereva ni nani? Dereva ni ule ujuzi wa kusukuma, ule ufundi wa kugeuza donge liwe duara inayotosha kikaango hicho. Na huo ujuzi hauko ndani ya kikaango. Uko kwa mikono ya anayesukuma. Kazi kubwa ya dereva inafanyiwa kwa CPU.

Gemu ikitaka kuchora kigari kimoja inapeleka ombi. Dereva analipokea, anakagua kama liko sawa, analitafsiri kwa lugha ya chipu, analipanga na mengine, halafu anatuma. Fremu moja inaweza kuwa na mamia au hata maelfu ya maombi kama hayo. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila kitu kinafaa kumalizika ndani ya milisekunde 16 na kitu. Mikono ikiwa polepole, kikaango kinabaki kikipata moto bure. Ukikitazama utasema, mbona hiki kikaango hakina kazi? Ndiyo ile asilimia 40 yangu.

Na ile CPU chini ya asilimia 20? Hapo ndipo nilijidanganya vizuri zaidi. Hiyo namba ni wastani wa nyuzi zote 8. Uzi mmoja ukifanya kazi hadi mwisho, ukijaa kabisa, kwa wastani huo unaonekana kama asilimia 12 na nusu tu. Kibanda kina watu wanane, mmoja anasukuma chapo hadi jasho linadondoka, saba wamekaa wakipiga stori, halafu wewe unaandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi wako wanatumia asilimia 12 ya nguvu zao. Ni kweli kwenye karatasi. Lakini foleni haisongi, kwa sababu ile kazi iko kwa mikono ya mmoja.

Hata kule kukwama kwenye kona kuna maelezo yake. Gemu hutumia sheda, vijiprogramu vidogo vinavyoiambia GPU mwanga uangukeje, maji yang'aeje. Sheda lazima itafsiriwe na dereva kabla haijatumika, na kutafsiri ni kazi ya CPU. Ikitokea unaingia sehemu mpya ya mchezo na sheda mpya, kila kitu kinasubiri. Hii shida watu wa madereva wanaijua kitambo. Mwaka 2019 Valve ilileta mtafsiri mpya wa sheda kwa chipu za AMD, anaitwa ACO, na sababu moja kubwa ilikuwa kupunguza muda wa kutafsiri ili gemu zisishtuke. Kufikia Mesa 20.2, mwaka 2020, ndiye akawa wa kawaida kwa RADV, dereva huria wa Vulkan wa chipu za AMD. Yaani watu walikaa chini kufuta milisekunde, mimi nikazirudisha kwa mistari yangu miwili ya mvua.

Basi nikaondoa kile kijiprogramu, nikaweka schedutil, nikawasha gemu tena. Fremu zikapanda hadi 40 na kitu. Nikaweka performance. Zikafika karibu na zile za Windows, na kule kukwama kwenye kona kukapungua sana. Lapi ile ile, dereva yule yule, hata sikuwa nimefanya apdeti. Nilibadilisha neno moja.

Mbona schedutil ilibaki nyuma kidogo ya performance, na eti yeye ni mjanja? Kwa sababu ya kitu fulani cha kuchekesha. CPU inafanya kazi haraka kidogo, halafu inasubiri GPU. Halafu inafanya tena, inasubiri tena. Gavana anayeangalia akiona huo muda wa kusubiri anasema, huyu hana kazi nyingi, wacha nimpunguzie. Akimpunguzia, fremu inayofuata inachelewa. GPU nayo inaanza kusubiri. Wanasubiriana kama watu wawili mlangoni, "tangulia," "hapana, tangulia wewe." Hakuna aliye mvivu hapo, lakini hakuna anayepita.

Nikamwandikia yule rafiki yangu. Nikasema ulikuwa sahihi. Nikasema pia nitaweka performance milele, na nitawaambia watu wote wafanye hivyo. Nilikuwa tayari nishapata kichwa cha video mpya.

Akaniuliza: "Umepima ukiweka picha nzito?"

Sikuwa nimepima. Enyewe huyu dem angefaa kunilipisha karo.

Nikapandisha kila kitu: ukubwa wa picha hadi mwisho, vivuli, mwanga, yote. Sasa GPU ikaenda juu ya asilimia 95. Nikajaribu schedutil, halafu performance. Tofauti? Hakuna. Sikupata hata fremu moja ya maana. Nilichopata ni feni kupiga kelele kama posho mill, na lapi kuwa moto hadi nikaiweka juu ya kitabu.

Sababu ni kwamba sasa kikaango ndicho kilikuwa kimejaa. Hata ukimpa anayesukuma mikono sita, chapati zinaiva moja moja. Na kwa lapi kama yangu kuna jambo la pili. CPU na GPU zimekaa kwa kipande kimoja na zinagawana bajeti moja ya nguvu, wati 15 hivi kwa prosesa yangu. Ni kama mtungi mmoja wa gesi wenye meko mawili. Ukifungua moja hadi mwisho, moto wa lingine unaweza kushuka. CPU ikikimbia bila sababu, inakula wati ambazo GPU ingezitumia kuchora.

Si mimi nimegundua hili. Mhandisi wa Intel anayeitwa Francisco Jerez alituma mapendekezo ya kurekebisha kerneli, ya kwanza mwaka 2018 na mengine 2020, akijenga hoja hiyo hiyo: GPU ikiwa ndiyo kizuizi, CPU kukimbia zaidi ya inavyohitajika ni kupoteza nguvu, na ukiipunguza kasi GPU inaweza hata kufanya kazi zaidi. Soma hiyo tena. Kuna wakati ukitaka gemu iende haraka, unafaa kupunguza kasi ya CPU.

Kwa hivyo ile video ya pili, "Weka performance milele," ingekuwa uongo wa pili. Ningetoka kumsingizia dereva nikaenda kumuabudu gavana. Hakuna neno moja la uchawi la kuandika. Inategemea ni nani anasubiriwa.

Hapa wacha niwape stori nyingine fupi ya kweli, juu ilinifanya nijisikie vibaya zaidi. Kuna dereva huria wa kadi za Nvidia anayeitwa Nouveau. Kwa miaka mingi watu walimcheka kwamba ni mzembe. Lakini kuanzia kadi za GeForce GTX 900, zilizoanza kutoka mwaka 2014, ili kupandisha kasi ya kadi ulihitaji programu ndani ya chipu iliyotiwa sahihi na Nvidia yenyewe, na ile ya kubadilisha kasi watengenezaji wa Nouveau hawakupewa. Kwa hivyo kadi ilikuwa inabaki kwenye kasi ile inayowaka nayo tu. Watu wanapima, wanaona fremu chache, wanaandika "dereva mbovu." Dereva alikuwa anaendesha gari lililofungwa kwa gia ya kwanza. Baadaye, kwenye kerneli 6.7 iliyotoka Januari 2024, Nouveau alipata njia ya kutumia programu ya GSP iliyo kwenye kadi za kizazi cha Turing na kuendelea, na hapo kasi ikaweza kupanda. Bado iko na kazi ya kufanya, lakini angalau sasa ameachiliwa gia nyingine.

Mimi nilifanya nini tofauti na wale waliomcheka? Hakuna.

Sasa turudi kwa yule mzee.

Kuna mzee mtaani anaendesha saiba ndogo. Printi, fotokopi, mambo ya KRA, mnajua. Mwaka huo alikuwa amenunua tarakilishi kumi za mtumba, zenye chipu karibu na yangu, na mpango wake ulikuwa watoto wa mtaa waje likizo wajifunze kutengeneza gemu na kuediti video. Alitaka kuweka Linux zote kwa sababu leseni kumi ni pesa, na yeye hana. Alikuwa ameniambia kabla, na nikamwambia poa mzee, nitakuja kukusaidia.

Halafu akaona video yangu. Kijana wake alimuonyesha. Hakuniuliza kitu. Alifikiri, kama huyu kijana mwenyewe anasema haifai, mimi ni nani? Akauza nne kwa bei ya kutupa ili apate kitu cha kununulia leseni za zile zingine. Nilikuja kujua siku niliyoenda kutoa printi.

Nilienda tena kesho yake. Nilikuwa nimejipanga na maneno mengi njiani, lakini nilipofika nikasema tu: "Mzee, ile video yangu, nilikosea. Mashine zako hazina shida. Shida ilikuwa kwangu."

Alikuwa anapanga karatasi. Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Kijana, ulijua lini?"

Nikamwambia jana kutwa.

"Na kabla ya kuongea, ulikuwa umeangalia?"

Nikasema sikuwa nimeangalia.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Zile nne zimeenda. Haya, vuta kiti, nionyeshe hizi sita."

Nilikaa hapo hadi usiku. Tuliweka Linux kwa moja, tukapima. Nilimwonyesha jinsi ya kuangalia gavana, jinsi ya kushusha picha na kuona kama fremu zinabadilika. Gemu ikaenda vizuri. Yeye hakushangilia. Alisema tu, "Andika hizi hatua kwa karatasi, wewe si utasahau tena." Nikaandika. Karatasi imebandikwa ukutani kando ya fotokopi.

Na nyinyi pia wacha niwaandikie, juu niliwadanganya pamoja naye.

Kwanza, kabla ya kulaumu dereva, angalia gavana na kasi. Ile amri niliyoandika hapo juu inatosha kuanza, na ukiweka programu ya cpupower, "cpupower frequency-info" itakueleza zaidi.

Pili, punguza ukubwa wa picha hadi chini. Fremu zikiongezeka sana, GPU ndiyo ilikuwa imelemewa. Zikibaki pale pale, anayesubiriwa ni CPU, na hapo ndipo gavana anaweza kukusaidia.

Tatu, usiangalie wastani wa CPU. Fungua htop uone kila uzi peke yake. Ukiona mmoja umejaa na wengine wamelala, ushajua.

Nne, wenye Intel msitishwe na neno powersave. Kwa prosesa nyingi za Intel zinazotumia intel_pstate, iliyoingia kwenye kerneli 3.9 mwaka 2013, powersave yao kwa kawaida inapanda na kushuka na kazi. Jina ni lile lile, tabia ni tofauti. Kwangu powersave ilikuwa kifungo.

Tano, kama hutaki kuhangaika, kuna GameMode, programu huria ya Feral Interactive. Inapandisha gavana gemu ikianza na kumrudisha ikiisha. Na kama unatumia GNOME, pale juu kwenye menyu kuna mahali pa kuchagua hali ya nguvu. Angalia kama hukuiacha kwenye ile ya kuokoa betri. Wengi wetu tumeiacha hapo.

Sita, ukilinganisha vitu viwili, hakikisha viko kwenye hali moja. Chaja moja, nguvu moja, picha moja. La sivyo unalinganisha tu siku yako nzuri na siku yako mbaya.

Ile video ya zamani sijaifuta. Nilifikiria, lakini nikaona nikifuta nitakuwa nimeficha tu. Nimeandika juu yake kabisa kwamba ni makosa, na nimeweka video ya kusahihisha. Hii ya kusahihisha, hadi naandika hii, haijafikisha hata robo ya watazamaji wa ile ya uongo. Hiyo inauma kuliko kitu chochote, juu inamaanisha kuna watu wengi huko nje bado wanaamini maneno yangu ya kwanza, na siwezi kuwafikia mmoja mmoja nivute kiti.

Yule rafiki yangu alinitumia noti zake za darasa la mifumo ya uendeshaji. Hilo somo lilikuwa semista ya pili ya mwaka wa pili, yaani nililikosa kwa semista moja tu. Nimefika sura ya jinsi kerneli inavyogawa kazi. Hajaniuliza nitarudi lini, na mimi pia sijasema.

Jumamosi hii niko kwa saiba ya mzee kuanzia saa tatu asubuhi. Mashine ni sita, watoto waliojiandikisha ni kumi na mmoja, kwa hivyo watakaa wawili wawili na mmoja atakaa na mimi. Kama uko Umoja na una lapi ya zamani unayodhani imechoka, ibebe. Tutaangalia gavana kwanza.